Mstaafu wa mapema asifunge hesabu zake kwa mwezi

Nimefanya kazi ya uhasibu kwa miaka 29, na mwishoni mwa 2022 nilistaafu kwa hiari nikiwa na umri wa miaka 55, yaani miaka mitano kabla ya umri wa lazima katika utumishi wa umma wa Tanzania. Wanaotaka kuondoka mapema huniuliza ni kiasi gani kinatosha. Mimi huwarudisha kwanza kwenye swali jingine: fedha hiyo itakuwa ikiingia lini?

Kanuni ya mafao iliyoanza Julai 2022 ilishusha mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa kwa mara moja mtu anapostaafu, kutoka 50% tuliyokuwa tukiitarajia baadhi ya watumishi hadi 33%, na sehemu iliyobaki ikaelekezwa kwenye pensheni ya kila mwezi. Kwa mkupuo wangu na akiba niliyokuwa nayo nilinunua hatifungani za Hazina, yaani niliikopesha Serikali kwa riba, za miaka 25 zenye thamani ya shilingi milioni 50, kwa riba ya 12.56% kwa mwaka. Riba hiyo hulipwa kila baada ya miezi sita, kwa hiyo hupokea shilingi 3,140,000 kwa mara moja, kisha miezi mitano hupita bila senti kutoka huko.

Mwaka wa kwanza niliendelea kufunga hesabu kila tarehe 30 kama nilivyozoea kazini. Mwezi riba ilipoingia daftari lilionyesha ziada kubwa, tukabadilisha mabati ya jikoni na nikaahidi michango ya harusi mbili. Muhula ulipofunguliwa na karo ya mtoto wa mwisho ikadaiwa, daftari hilohilo likaonyesha upungufu ulionikosesha usingizi. Hesabu zote mbili zilikuwa sahihi kwa tarakimu, na zote mbili zilinipotosha.

Sasa ninatumia kaunta buku ambamo mwaka mzima uko kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Riba ikiingia, ninatenga kwanza shilingi 640,000 na kuzipeleka katika Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS, kampuni ya umma inayowekeza fedha za watu wengi kwa pamoja. Zinazobaki, 2,500,000, ninazigawa kwa sita, na katika kila mwezi ujao ninaandika 416,667 kwa penseli. Fedha yenyewe hukaa katika Mfuko wa Ukwasi wa kampuni hiyohiyo, ambako kuitoa huchukua siku chache tu, na siku hizo chache zimeniokoa na matumizi ya pupa zaidi ya mara moja. Karo nazo ninazigawa kwa miezi 12 hata kama zinalipwa Januari na Julai.

Zile 640,000 zina sababu yake. Riba ya hatifungani haibadiliki hadi zitakapoiva, yaani hadi Serikali itakaponirudishia mtaji, lakini bei ya mchele na mafuta haitanisubiri. Mfumuko wa bei ukiwa 4% kwa mwaka, uwezo wa shilingi ile ile kununua hupungua nusu kwa takriban miaka 18, wakati ambapo nitakuwa na miaka 73. Wako wanaotegemea kanuni ya 4% aliyoitoa mshauri wa fedha Mmarekani, William Bengen, mwaka 1994, kwamba mstaafu atoe 4% ya akiba yake mwaka wa kwanza kisha aongeze kiasi hicho kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei, lakini yeye alipima hisa na hatifungani za Marekani kwa kipindi cha miaka 30, na sioni namna ya kuihamishia nyumbani kwangu Morogoro bila kuipima upya.

Matumizi pia hubadilika sura. Uniti za umeme wa LUKU zilizokuwa zikitosha mwezi mzima sasa huisha kabla ya tarehe 20, kwa sababu mchana tupo nyumbani, feni inazunguka na wageni wanajua kuwa watatukuta. Michango nimeipa safu yake: harusi ina ukomo wa mwaka ambao mimi na mke wangu tumekubaliana, ila msiba sikuuwekea ukomo, na sitauweka.

Tarehe 31 Desemba ndipo tunapofunga. Mke wangu husoma ujumbe wa miamala kwenye simu, mmoja baada ya mwingine, nami ninaandika. Mwaka jana tulipishana na salio kwa shilingi 48,000, tukarudi nyuma hadi Machi, tukakuta ni makato ya kutuma fedha ambayo sikuwa nimeyaandika hata mara moja. Mwaka huu yana safu yake, pembeni ya michango.