Karo ya chuo na mikopo: yanayosemwa Mombasa na yalivyo

"HELB wakikupa kidogo, kimbilia benki."
HELB ni bodi ya serikali inayokopesha wanafunzi wa vyuo; benki ni mlango wa mwisho. Chukua karo ya mwaka iliyo kwenye barua ya kujiunga, iwe ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM) pale Tudor au Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, utoe ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB. Kilichobaki ndicho cha kutafutia, wala usikope zaidi yake. HELB hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka na huanza kudai mwaka mmoja baada ya masomo kwisha. Benki kwa kawaida huanza mwezi unaofuata, na anayekatwa ni mzazi, maana mwanafunzi hana mshahara.

"Asilimia 14 ni asilimia 14, benki zote sawa."
Hapa ndipo wengi wanapoumia. Tuseme umekopa Sh120,000 za kulipa kwa miezi 12. Riba ikipigwa juu ya mkopo mzima mpaka mwisho, utalipa Sh11,400 kila mwezi, riba yote Sh16,800. Ikipigwa juu ya salio linalopungua, ni kama Sh10,775 kwa mwezi, riba yote kama Sh9,300. Kiwango kilichobandikwa ukutani ni kilekile, na Sh7,500 zimekwenda. Ongeza ada ya kushughulikia mkopo na bima, ambazo mara nyingi hukatwa kabla pesa hazijakufikia; ukiomba kiasi kamili cha karo, utafika kwa mhasibu wa chuo na pungufu. Kabla ya kutia sahihi, itisha ratiba ya malipo ya mwezi kwa mwezi, utazame safu ya riba. Ikiwa haishuki, umepewa ile ya kwanza, hata afisa aseme nini.

"Nina kazi ya kudumu bandarini, sitanyimwa."
Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yapite theluthi mbili ya mshahara. Mwenye Sh45,000 ambaye kodi ya mapato, sacco (chama cha akiba na mikopo) na mkopo wa zamani vinamla Sh25,000 amebakiwa na nafasi ya Sh5,000 tu. Ule mkopo wa hapo juu haumwingii.

"Muislamu anayekwepa riba hana njia."
Benki za Kiislamu zipo. Laptopu huinunua benki yenyewe, kisha ikakuuzia kwa faida inayojulikana tangu siku ya kwanza. Karo si bidhaa, kwa hivyo uliza mapema wanafuata mkataba gani wa huduma. Si kila tawi linao.

"Mkopo wa simu utaniziba mpaka muhula uishe."
Muhula ni kama miezi minne. Mkopo wa simu mara nyingi ni siku 30. M-Shwari, kwa mfano, imejulikana kwa ada ya asilimia 7.5. Sh20,000 zikizungushwa mara nne ni Sh6,000 za ada peke yake.

"Mdhamini wa sacco ni shahidi tu."
Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa riba inayoshuka na salio, na kwa karo ndiko pa kuanzia. Lakini mkopaji akikwama, akiba ya mdhamini ndiyo hukatwa. Na hata mkopo ukilipwa vizuri, mdhamini hawezi kujitoa akachukua akiba yake mpaka deni liishe, au apatikane mwingine wa kushika nafasi yake.