Ukame peke yake haupigi risasi

Mvua ikikosekana Karamoja, eneo la wafugaji kaskazini mashariki mwa Uganda, utawasikia watu wa mjini: "Sasa wataanza kuuana." Mambo si mepesi hivyo. Ukame huongeza hatari, ndiyo, lakini bunduki zina historia yake: mwaka 1979, Idi Amin alipopinduliwa, ghala la silaha la kambi ya jeshi ya Moroto, humo humo Karamoja, liliporwa.

Halafu kule Marsabit, kaskazini mwa Kenya, watafiti walikuta mauaji ya wizi wa mifugo yakizidi miaka ya mvua. Ng'ombe wameshiba, wanaswagika mbali. Vichaka vinaficha wavamizi. Mvua inafuta nyayo. Kiangazi kikikaza, Waturkana, wafugaji wa Kenya, huvuka mpaka kuja Karamoja na wazee hupatana kuhusu malisho na maji. Mapatano yakivunjika, au ng'ombe walioibwa wasiporudishwa, kisasi huanza hata mwaka wa neema.