Namba moja kwa kila mwanachama: GROUP BY haijui unampendelea nani

Kikundi kimoja cha kuweka na kukopa nilichokuwa nakitunzia mfumo kilituma SMS za kuwakumbusha wanachama marejesho. Kufika saa nne asubuhi simu zikaanza kuita. "Mwanangu," mama mmoja akaniambia, "deni langu limesomwa na shemeji wa zamani." Laini yake ya kale ilikuwa mikononi mwa huyo shemeji, na mfumo uliichagua hiyo hiyo. Kwiri, yaani amri ya kuiomba kanzidata data, ilikuwa yangu, na ilikuwa imejaa nusu ya dhana zilizo hapa chini.

Jedwali la simu, kwa mwanachama huyo, lilikuwa hivi:

```
id   mwanachama  namba  imethibitishwa  iliongezwa
55   17          …041   1               2016-03-02
212  17          …388   1               2021-08-19
340  17          …720   0               2023-01-11
```

Tulichokitaka: namba moja kwa kila mtu, iliyothibitishwa itangulie, na zikiwa kadhaa, ya karibuni ishinde. Jibu ni …388.

Dhana: "GROUP BY mwanachama inarudisha mstari mmoja kwa kila mtu, basi kazi imekwisha."

Mstari mmoja unarudi, ndiyo. Ni upi, hujasema. GROUP BY huibana mistari mitatu kuwa mmoja, na kwa safuwima ambayo hukuiwekea MAX (kubwa kuliko zote), MIN (ndogo kuliko zote) au mwenziwe, kanzidata haina msingi wa kuchagua thamani. Matoleo ya zamani ya MySQL, mojawapo ya programu za kanzidata, yalikubali kwiri ya namna hii kimyakimya na kukupa thamani yoyote ile. Mara nyingi ilikuwa ya mstari uliosomwa kwanza, ndiyo maana kwenye majaribio ilionekana kama sheria. Kwangu ilikuwa …041.

Kibaya zaidi ni hii:

```
SELECT mwanachama, namba, MAX(iliongezwa)
FROM simu GROUP BY mwanachama;
```

Hapo unaweza kupata …041 pamoja na 2023-01-11. Namba ya mstari huu, tarehe ya mstari ule. Mstari wa namna hiyo haupo popote kwenye jedwali, lakini ukiusoma kwenye ripoti huwezi kuushuku.

MySQL 5.7, iliyotoka 2015, ikaanza kuikataa kwiri hiyo kwa kuwasha tangu mwanzo ulinzi uitwao ONLY_FULL_GROUP_BY. PostgreSQL, kanzidata nyingine, huikataa pia. Watu wengi wakikutana na kosa hilo hutafuta namna ya kuzima ulinzi huo, au huizungushia namba ANY_VALUE mpaka kelele ziishe. Jina lenyewe linakiri: thamani yoyote. Mimi nilizima.

Anayejifunzia kwenye SQLite, ile kanzidata ndogo iliyomo ndani ya kila simu ya Android, ana mtego wake. Tangu toleo 3.7.11 la 2012, SQLite ikiona MAX moja au MIN moja tu, safuwima nyingine huzichota kwenye mstari ule ule wenye thamani hiyo. Huko kwiri ya juu inafanya kazi kwa haki. Tabia hiyo ukiihamishia MySQL haikufuati.

Dhana: "Nitapanga kwa ORDER BY ndani, kisha nitakundisha nje, wa kwanza atabaki."

Jedwali, hata lile linalozaliwa na kwiri ya ndani, halina mpangilio wa kuahidiwa. MariaDB, ndugu wa MySQL, huitupa ORDER BY ya ndani isiyo na LIMIT, yaani kikomo cha idadi ya mistari.

Dhana: "DISTINCT kwenye mwanachama tu."

DISTINCT, inayoondoa marudio, hutazama mstari wote uliouomba. Mabano unayoweka kuizunguka safuwima moja ni pambo. DISTINCT ON ya PostgreSQL ni kitu kingine kabisa: hubakiza mstari wa kwanza wa kila kundi kwa kufuata ORDER BY, na ORDER BY hiyo lazima ianze na safuwima za kundi. Ukiwa PostgreSQL, ndiyo njia fupi kuliko zote.

Dhana: "Tafuta MAX ya tarehe, kisha unganisha na jedwali lenyewe."

Hii inaheshimika, na iliwafaa watu kwa miaka mingi. Ila kwa mwanachama 17 inaleta …720, ambayo hakuna aliyeithibitisha. "Basi ongeza WHERE imethibitishwa = 1." Nilifanya hivyo siku ile ile, na …388 ikatoka vizuri. Jioni mhasibu akauliza mbona orodha imepungua. Wote ambao hawajathibitisha namba hata moja walikuwa wamefutika. Kupendelea si kuchuja: kipenzi hutangulia, na asipokuwepo, aliyepo huchukuliwa. Kwa hiyo sharti hilo mahali pake ni kwenye upangaji:

```
SELECT mwanachama, namba
FROM (
  SELECT mwanachama, namba,
    ROW_NUMBER() OVER (
      PARTITION BY mwanachama
      ORDER BY imethibitishwa DESC,
               iliongezwa DESC, id DESC
    ) AS nafasi
  FROM simu
) AS t
WHERE nafasi = 1;
```

Kwiri ya nje haikwepeki, kwa sababu ROW_NUMBER, inayoipa mistari ya kila kundi namba 1, 2, 3 kwa mpangilio uliotaja, hairuhusiwi ndani ya WHERE ya ngazi yake. PostgreSQL inayo tangu 8.4 ya 2009. MySQL ilisubiri hadi 8.0, mwaka 2018, na SQLite ikaipata mwaka huo huo katika 3.25.

Dhana: "Ukishaweka ROW_NUMBER umepona."

Tazama ile id mwishoni. Namba nyingi ziliingizwa kwa mkupuo kutoka Excel, tarehe moja. Bila id, wawili waliofungana hupewa 1 na 2 kiholela, na leo anaweza kushinda huyu, kesho yule. RANK, ndugu yake ROW_NUMBER, huwapa waliofungana wote 1, na mtu mmoja anapata SMS mbili.

Halafu kuna NULL, yaani nafasi isiyojazwa thamani. Kwa DESC, PostgreSQL huitanguliza NULL, MySQL huiweka mwisho. Kwiri ile ile, data ile ile, seva mbili, majibu mawili. Kwenye PostgreSQL andika NULLS LAST baada ya kila DESC ambayo safuwima yake inaweza kuwa tupu.

Kuhusu kasi, faharasa (index) inayoanza na mwanachama kisha ikafuata mpangilio ule ule husaidia sana. Kama makundi ni machache na kila moja lina mistari maelfu, jaribu LATERAL, kwiri ya ndani inayoendeshwa upya kwa kila kundi, yenye LIMIT 1 ndani. LIMIT 1 peke yake, nje, inakupa mtu mmoja kwa kikundi kizima. Nimewahi kuiona ikisubiri kupelekwa kwa wateja.

Baada ya kurekebisha nilihesabu wanachama wenye namba na mistari iliyotoka, zikalingana. Nikampigia yule mama kwa …388. Akapokea mwenyewe, akanisamehe, akaniambia laini hiyo anaiacha mwezi ujao.