Tathmini ya vihatarishi katika bima ya maisha ni nini?

Mtu akiomba bima ya maisha, kampuni haijaribu kubashiri atakufa lini. Tathmini ya vihatarishi ni kazi ya kuamua mwombaji aingie kundi gani la watu wanaofanana naye kwa umri, afya na kazi, ili alipe ada inayolingana na vifo vinavyotarajiwa katika kundi hilo. Majibu ya mtathmini ni manne: kukubali kwa ada ya kawaida, kukubali kwa nyongeza, kuahirisha, au kukataa. Kuahirisha ndiko kunakolalamikiwa bure. Mtu aliye katikati ya dozi ya TB hajakataliwa. Anaambiwa amalize dawa, apime tena, arudi.

Tuchukue dereva wa lori wa Mbeya, miaka 38, anayepiga ruti ya Tunduma hadi Dar es Salaam na anataka kinga ya shilingi milioni 20, yaani fedha zitakazolipwa akifa. Ana uzito wa kilo 92 na urefu wa mita 1.70. Gawanya 92 kwa 1.70 mara 1.70, unapata 31.8, na kuanzia 30 huhesabiwa unene uliopitiliza. Presha yake ni 152/96. Mwombaji wa kawaida huanzia alama 100. Tuseme, kwa mfano tu, unene unaongeza 25 na presha 50: amefika 175, yaani asilimia 175 ya ada ya kawaida. Kama ada ya kawaida ya umri wake ni shilingi 5 kwa kila 1,000 ya kinga, yaani 100,000 kwa mwaka, yake inakuwa 175,000. Kazi ya lori huhesabiwa kando, kwa kiasi maalumu: shilingi 2 kwa kila 1,000 ni 40,000 zaidi. Jumla 215,000. Akiacha lori akafungua duka, zile 40,000 anaweza kuomba ziondolewe.

Kwenye presha ndiko watu wengi hulipishwa zaidi bila sababu. Ukipanda kilima kwa miguu hadi zahanati, ukanywa kahawa mlangoni, kisha ukafungwa mkanda mdogo kuliko mkono wako, mashine itasoma juu. Kaa umetulia dakika 5, usiongee, mkono uegemee meza usawa wa moyo, upimwe zaidi ya mara moja. Daktari aandike vipimo vyote, si kile cha kwanza peke yake.

Sasa tuone kama habari za kila siku hubadilisha ada. Basi likipinduka Kitonga au lori likikosa breki Mlima Nyoka, mteja hudhani ada zitapanda kesho yake. Hazipandi. Ajali za barabara hii ya Tunduma hadi Dar es Salaam zimo tayari ndani ya hesabu za vifo na za kazi ya udereva. Pia, kwa mikataba mingi ya mtu binafsi yenye ada isiyobadilika, aliyekwisha kukubaliwa habadilishiwi ada kwa sababu ya habari mpya; kinachoweza kubadilika ni masharti ya waombaji wapya. Kinachomnyima mtathmini usingizi ni bima ya kikundi: wafanyakazi 40 wa kiwanda kimoja cha chai Mufindi wakipanda basi moja, kampuni inaweza kulipa madai 40 kwa siku moja. Ndiyo maana huuliza mnasafirije, na sehemu ya mzigo huo hupelekwa kwenye bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni ya bima hujikatia kwa kampuni nyingine.

Mlipuko wa ugonjwa ni suala jingine. Marburg ilipotangazwa Kagera mwaka 2023, swali la maana kwa mwombaji wa Iringa lilikuwa moja: umekuwa huko, au umemgusa mgonjwa? Dalili huchukua hadi siku 21 kujitokeza, kwa hiyo jibu likiwa ndiyo, busara ni kuahirisha kwa wiki chache. Kumpandishia ada ya miaka 20 hakuna mantiki.

VVU ndiyo habari nzito ya Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulikuta maambukizi ya watu wazima Njombe ni asilimia 11.4 na Iringa 11.3. Takwimu hiyo haimwongezei ada Mkinga au Mhehe yeyote. Mtathmini anapima mtu, si mkoa. Kwa anayeishi na VVU kuna kampuni, Afrika Kusini kwa mfano, zinazomkubali kwa nyongeza, zikiangalia wingi wa virusi na ufuasi wa dawa. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ikiwemo ya VVU, Januari 2025, jambo la kuuliza likawa kama dawa na vipimo vinaendelea kupatikana. Majibu ya maabara ya mwaka juzi hayatoshi tena.

Kuna hatari nyingine isiyo ya kitabibu: wanaokimbilia bima ghafla mara nyingi ni wale wanaojua jambo ambalo kampuni hailijui. Kwa hiyo mwenye kipato kidogo akiomba kinga kubwa mno, huombwa nyaraka zaidi.

Hata hivyo, madai mengi yanayokwama hukwamia kwenye fomu. Wakala anajaza kwa haraka, anaandika "hapana" kila mahali, mteja anatia sahihi bila kusoma. Mume akifariki, faili la hospitali linaonyesha alitumia dawa za kisukari tangu kabla ya mkataba, na mjane ndiye anayebaki kujieleza. Umri uliokosewa una unafuu: kwa kawaida malipo hurekebishwa yalingane na umri halisi. Ugonjwa uliofichwa unaweza kufuta mkataba mzima. Jaza mwenyewe, linganisha tarehe ya kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA, na ubaki na nakala yenye sahihi yako.