Mtoto wa Mbwa Aliyenunuliwa Dukani Anapougua: Maswali na Majibu

Katika miji kama Nairobi, Mombasa, Arusha na Dar es Salaam, watoto wa mbwa huuzwa katika maduka ya wanyama, kando ya barabara na kwa matangazo ya mitandaoni. Malalamiko ya wanunuzi hufanana: mnyama alikuwa mchangamfu siku aliponunuliwa, akaanza kuharisha au kukohoa kabla juma halijaisha, na muuzaji akajibu kwamba alimtoa akiwa mzima. Majibu yafuatayo yanahusu hali hiyo, na yanarejea mara kwa mara kwenye hesabu ya siku, kwa sababu hesabu hiyo ndiyo inayoamua tiba, usalama wa familia na hata haki ya mnunuzi.

Alikuwa mzima dukani, lakini siku ya tatu nyumbani ameanza kutapika na kuharisha damu. Je, ugonjwa ameupata kwangu?

Uwezekano mkubwa ni kwamba alikuja nao. Ugonjwa wa kwanza kushukiwa kwa dalili hizo ni parvo, ambao huletwa na kirusi kilichotambuliwa kwa mbwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuenea duniani kote katika muda mfupi. Tangu kirusi kiingie mwilini hadi dalili zionekane hupita kwa kawaida siku tatu hadi saba, na mara nyingine hadi wiki mbili. Kwa hiyo mtoto wa mbwa anayeugua siku ya pili au ya tatu baada ya kununuliwa karibu kila mara aliambukizwa kabla ya kukabidhiwa kwako, ama dukani, ama njiani, ama kule alikozaliwa. Akianza kuugua siku ya kumi, jibu huwa gumu zaidi, na historia ya nyumba yako nayo huhesabika: je, umewahi kuwa na mbwa aliyekufa kwa kuhara, au mbwa wa jirani huingia uani?

Duka ni mahali pepesi pa kuambukizana kwa sababu hukutanisha watoto wa mama tofauti, kutoka sehemu tofauti, katika umri ambao kinga yao ni dhaifu kuliko wakati mwingine wowote. Kirusi cha parvo hutoka kwa wingi katika kinyesi, na huanza kutoka hata kabla mnyama hajaonyesha dalili, kisha hubebwa na viatu, bakuli, mikono na mifagio. Kikishamezwa hushambulia chembe zinazogawanyika kwa kasi, yaani zile za ukuta wa utumbo na za uboho wa mifupa. Utumbo hubanduka na kuvuja damu wakati ule ule ambapo chembe nyeupe za kupambana na maambukizi zinapungua, na ndiyo maana mnyama huweza kuzidiwa ndani ya siku moja. Rottweiler na mbwa wa Kijerumani (German Shepherd), ambao wengi wetu tunawapenda kwa ulinzi, wanajulikana kuathirika vibaya zaidi.

Hata hivyo, si kila kuhara damu ni parvo. Minyoo ya safura, vijidudu vya koksidia na hata mabadiliko ya ghafla ya chakula huweza kuleta dalili zinazokaribiana. Kipimo cha kinyesi hutoa jibu kliniki kwa dakika chache, na kumwanzishia dawa kabla ya kumpima ni kubahatisha na uhai wake.

Nifanye nini leo hii?

Mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa, si kesho asubuhi. Piga simu kwanza ueleze dalili, ili asiketishwe pamoja na wagonjwa wengine, na umbebe ndani ya boksi badala ya kumtembeza kwa miguu. Hakuna dawa inayoua kirusi cha parvo chenyewe kwa namna ya kutegemewa. Kinachookoa ni dripu ya kurudisha maji na chumvi, dawa za kuzuia kutapika, antibayotiki za kuzuia bakteria wa utumbo wasiingie kwenye damu, na kulishwa mapema kidogo kidogo. Wanaopata huduma hiyo kwa wakati wengi hupona. Wanaoachwa bila tiba wengi hufa.

Usimpe dawa za binadamu za kuzuia kuhara, na kamwe usimpe ibuprofen wala dawa nyingine ya maumivu kutoka kabati la nyumbani, kwa kuwa huumiza tumbo na figo zake. Maziwa ya ng'ombe huongeza kuhara. Anayetapika kila anachomeza hawezi kusaidiwa kwa kunyweshwa kwa lazima, na maji yanayomiminwa kinywani mwa mnyama aliyelegea huweza kuingia mapafuni.

Muuzaji alinipa kadi inayoonyesha kwamba amechanjwa. Iweje augue?

Kuna sababu ya haki na kuna sababu ya udanganyifu, na ni vizuri kuzitenganisha. Mtoto wa mbwa hupata kingamwili kutoka katika maziwa ya kwanza ya mama yake. Kingamwili hizo humlinda, lakini pia huizuia chanjo isifanye kazi, nazo hupungua kwa kasi tofauti kwa kila mnyama. Hupita kipindi ambacho zimebaki chache mno kumkinga na ugonjwa, ilhali bado zinatosha kuizuia chanjo. Kwa sababu hiyo chanjo ya pamoja ya parvo, distempa (ugonjwa mwingine wa kirusi, unaoelezwa hapa chini) na homa ya ini huanza akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka atimize angalau wiki 16. Mwenye chanjo moja tu bado hajakingwa, hata kama kadi yake ni ya kweli kabisa.

Upande wa pili ni kadi isiyo na kitu nyuma yake. Kadi ya kuaminika huwa na stika ya chupa ya chanjo yenye namba ya toleo, tarehe, na jina, sahihi na namba ya usajili ya daktari. Kadi yenye mihuri bila stika, au iliyojazwa kwa kalamu moja siku moja, haipaswi kukutuliza. Chanjo nyingi za mbwa huhitaji kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na iliyokaa kwenye droo ya duka siku nzima ya joto la Dar es Salaam huenda haina nguvu tena. Mpigie daktari aliyetajwa kwenye kadi. Simu hiyo moja hufichua mengi.

Hahari, ila ana tongotongo nzito, kamasi na kikohozi. Je, ni mafua tu?

Inaweza kuwa kikohozi cha kawaida cha mabanda, ambacho hupona, lakini distempa huanza vivyo hivyo: homa, macho na pua kutoa uchafu, kukosa hamu ya kula, kisha kikohozi. Tofauti yake na parvo ni kwamba huenda polepole na hudanganya. Mnyama huweza kuonekana amepona, kisha wiki kadhaa baadaye akaanza kutetemeka misuli, kutafuna hewa, kuanguka kifafa au kuyumba. Wakati huo baadhi hupata ngozi ngumu kwenye nyayo na puani.

Jambo moja hapa linanitia wasiwasi kuliko mengine yote. Dalili za ubongo zinazotokana na distempa hufanana na zile za kichaa cha mbwa, na wala umri mdogo si kinga dhidi ya kichaa, kwani hata mtoto wa mbwa huweza kuumwa na mbwa mwenye ugonjwa na kuubeba. Mnyama yeyote mwenye dalili za ubongo asiguswe kwa mikono mitupu, asifunguliwe kinywa ili kutazamwa kama ana mfupa, wala asipewe watoto wambembeleze, mpaka daktari atakapokuwa amemwona.

Watoto wangu wamekuwa wakicheza naye na mmoja amekwaruzwa. Je, wamo hatarini?

Virusi vya parvo ya mbwa na distempa haviwaambukizi watu ugonjwa, na hapo mzazi anaweza kupumua. Yako mengine ya kuzingatia.

La kwanza na la haraka ni kichaa cha mbwa, ambacho huua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote wakiwa wameambukizwa na mbwa, na ambacho hakitibiki dalili zikishaanza. Mbwa huchanjwa dhidi yake kwa kawaida akifikisha miezi mitatu, kwa hiyo wengi wanaouzwa madukani hawajafikia umri huo. Jeraha lolote la jino, au mkwaruzo uliotoa damu, lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe kituo cha afya kuamua kuhusu chanjo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Daktari wa mifugo atamweka mnyama chini ya uangalizi kwa siku kumi, lakini uamuzi wa kumchanja mtu haupaswi kungoja siku hizo ziishe bila ushauri wa kitabibu.

La pili ni minyoo. Mabuu ya minyoo mviringo hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto wangali tumboni, na kwa hiyo mtoto wa mbwa asiye na minyoo ni nadra kuliko watu wanavyodhani. Mayai yake yakikaa kwenye udongo kwa wiki chache huwa na uwezo wa kumwambukiza mtoto anayetia mikono kinywani, na mabuu yanaweza kufika hata jichoni. Minyoo ya safura ya mbwa nayo hupenya ngozi ya miguu iliyo peku. Mbwa anapaswa kupewa dawa ya minyoo tangu wiki ya pili ya maisha yake, kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya nane, na baadaye kila mwezi hadi miezi sita, na kinyesi chake kizolewe kila siku.

La tatu ni bakteria wa kuhara. Nchini Marekani, kati ya mwaka 2016 na 2018, zaidi ya watu 100 waliugua kutokana na bakteria wa Campylobacter waliohusishwa na watoto wa mbwa wa madukani, na bakteria hao walikuwa sugu kwa dawa nyingi. Uchunguzi ulionyesha kwamba watoto wengi wa mbwa hao walikuwa wamepewa antibayotiki kabla ya kuuzwa, wakiwemo waliopewa kwa kinga tu. Duka linalokuambia kwa fahari kwamba huwapa wote antibayotiki ili wasiugue linakuambia kwamba lina tatizo. Mabaka ya duara yenye kunyonyoka manyoya, yaani choa, na upele unaowasha huambukiza watu pia, ingawa hutibika.

Muuzaji amekataa kurudisha pesa. Je, sina la kufanya?

Unalo. Sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanzania humhesabu mnyama kuwa bidhaa, na muuzaji wa biashara anaweza kuwajibika kwa bidhaa isiyofaa kwa kusudi ambalo mnunuzi alimweleza huku akiutegemea ujuzi wake. Sheria hizo hazimlindi aliyekagua kwa kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua, lakini ugonjwa ulio bado katika siku za kujificha hauonekani kwa macho. Ndiyo sababu tarehe ni muhimu: stakabadhi au ujumbe wa malipo ya simu, tarehe ya dalili za kwanza, ripoti ya daktari iliyoandikwa na matokeo ya vipimo vinaweza kuonyesha kwamba maambukizi yalitangulia mauzo. Mjulishe muuzaji kwa maandishi siku ile ile, na umwombe awaangalie ndugu wa tumbo moja waliobaki, maana nao wana wanunuzi. Nchini Kenya madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo.

Mnyama akifa, usimzike kabla ya kuuliza kuhusu upasuaji wa maiti. Maabara za mifugo, kama zile za Kabete, Temeke na Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, zina wataalamu wa uchunguzi huo, na mwili uwekwe kwenye baridi bila kugandishwa.

Bado sijanunua. Nitazame nini?

Tazama kundi zima kabla ya mmoja. Mmoja akihara, wote wamekaribiana na ugonjwa, na wa kumchagua katika kundi hilo hayupo, hata kama anakuchekea kwa mkia. Kisha tazama fizi, ambazo zikiwa nyeupe huonyesha upungufu wa damu kwa minyoo au viroboto. Tumbo lililovimba juu ya mbavu zinazoonekana. Manyoya ya matakoni yaliyolowa. Na meno, kwa kuwa mwenye wiki nane anapaswa kuwa na meno ya utotoni takriban yote. Wadogo kuliko hapo hawajawa tayari kumwacha mama. Omba kumwona mama. Kabla ya kulipa, andikianeni kwamba daktari wako atamkagua ndani ya saa 48 na kwamba pesa zitarudishwa akionekana mgonjwa. Akifika nyumbani, mtenge na mbwa wengine kwa wiki mbili.

Wangu amekufa kwa parvo. Mwingine naweza kumleta lini?

Kirusi hiki huishi ndani ya nyumba kwa miezi miwili au zaidi, na kwenye udongo wenye kivuli kwa miezi mingi, hata mwaka. Sabuni ya kawaida haikiui. Sehemu ngumu zioshwe kwanza mpaka uchafu wote uishe, kisha zipakwe jiki iliyochanganywa kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, na ziachwe zikiwa zimelowa kwa dakika kumi. Matandiko na vitu vya kitambaa ni bora vichomwe. Uwanja wa udongo hausafishiki kwa njia hiyo, ingawa jua kali husaidia. Kwa nyumba ya namna hiyo, achukuliwe mbwa mkubwa aliyekwisha kukamilisha chanjo zake, au mtoto wa mbwa ambaye chanjo ya wiki ya 16 imetimiza wiki mbili kabla hajakanyaga uani.