Foili ya dhahabu kwenye nguo: kazi yote iko kwenye gundi

Foili ya kupambia nguo si ile ya jikoni. Ya jikoni ni aluminiamu tupu. Hii ni utando mwembamba mno wa metali uliolazwa kwenye plastiki, nayo plastiki kazi yake ni kuubeba tu. Kisha jambo ambalo wengi hawaambiwi: foili haishiki kitambaa, inashika gundi. Makosa karibu yote yanaanzia hapo.

Chagua pamba iliyofumwa ikabana, kama amerikani au khanga. Ikiwa mpya, ifue kwa sabuni kwanza, wanga wa kiwandani utoke, wala usitie dawa ya kulainisha. Wanga ukibaki, gundi hukaa juu yake, na siku ya kufua vyote viwili vinaondoka na dhahabu yako.

Tumia gundi ya foili ya nguo, nyeupe, ya maji. Gundi ya mbao ikilowa hulainika, usijaribu. Gonga kwa sponji juu ya stensili, yaani kiolezo kilichokatwa tundu la umbo unalotaka, tuseme ua, wima, bila kuburuza, kwa sababu ukiburuza gundi hupenya chini ya kingo na ua linatoka na ndevu. Itazame kwa karibu: nyuzi zikiwa bado zinachomoza, piga mkono wa pili. Inua stensili gundi ikiwa mbichi.

Sasa subiri. Gundi itatoka kwenye weupe wa maziwa hadi iwe angavu, na ukiigusa inanata kidogo bila kuacha kitu kidoleni. Mimi huiacha usiku kucha. Ikiwa na maji ndani, pasi itayachemsha na utapata vipele.

Tandika kitambaa kwenye meza ngumu. Ubao wa pasi wenye sponji hula mgandamizo. Foili ilale upande wa rangi ukiangalia juu, juu yake karatasi ya kuokea. Pasi iwe kavu, nukta mbili, takriban nyuzi 150. Kandamiza kwa uzito wa mwili sekunde 10, inua, hamia pengine. Usiisukume kama unayenyoosha shati, foili itajikunja.

Halafu acha ipoe kabisa, mpaka mgongo wa mkono usisikie joto. Ukibandua ingali moto, gundi bado laini na metali inarudi na plastiki. Bandua polepole, ukiilaza plastiki nyuma. Ikiwa kazi imekubali, kwenye plastiki utaona ua lako limebaki wazi kama dirisha.

Madoa matupu? Weka kipande kipya cha foili, kandamiza tena. Yakibaki, gundi ilikuwa haba, ongeza hapo tu. Dhahabu iliyofifia ni joto lililozidi. Shifoni ya poliesta huweza kuyeyuka, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni.

Usifue kabla ya siku 3. Geuza ndani nje, maji baridi, kwa mkono, bila kukamua, na pasi ipite upande wa nyuma.