p53, askari aliyenyang'anywa filimbi

"Dokta, si mnasema mwili una askari wake? Sasa walikuwa wapi?" Mama aliyeniuliza hivyo alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya maabara yetu hapa Lubumbashi, karatasi ya majibu mapajani. Kansa ya shingo ya kizazi. Nilimjibu juu juu, kwa sababu watu walikuwa wengi. Swali lake limenikaa moyoni.

Chuoni tulisoma kinga na kansa kama mambo mawili tofauti. Kinga ni chembe nyeupe za damu. Kansa ni seli iliyoasi, na p53 ni protini ya kuizuia isizaane ovyo. Kwa maoni yangu, mgawanyo huo unatupotosha.

p53 imejulikana tangu 1979. Seli ikiwa na afya, p53 huwa chache sana, maana protini nyingine, MDM2, huipeleka ikaharibiwe mara tu inapotengenezwa. DNA ikikatika, MDM2 huiachia, nayo p53 hujaa ndani ya kiini na kuamuru seli isimame ijitengeneze, au ife.

Lakini DNA iliyokatika siyo kengele pekee inayoiamsha. Seli iliyoingiliwa na virusi hutoa interferoni, ambayo huwaonya majirani. Mwaka 2003 watafiti wa Japani walionyesha kwamba interferoni huisukuma jeni ya p53 ifanye kazi zaidi. Majirani huweka akiba ya p53 mapema. Virusi vikiwafikia, seli iliyoguswa hujiua upesi, navyo vinakosa pa kuzaliana. Tena p53 huongeza juu ya seli mgonjwa alama ambazo seli wauaji wa kinga huzisoma. Hiyo ndiyo filimbi ya askari wetu.

Virusi vya HPV, vinavyoleta kansa ya shingo ya kizazi, huinyamazisha filimbi hiyo. Protini yao iitwayo E6 hushirikiana na protini ya seli yenyewe kuifunga p53 na kuitupa jalalani. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwenzake E7 huivunja nguvu Rb, mzuiaji mwingine wa uvimbe. HPV aina ya 16 na 18 peke yake husababisha karibu asilimia 70 ya kansa za shingo ya kizazi.

Hata kwenye darubini jambo hili linaonekana. Katika kansa nyingi ambazo jeni ya p53 imeharibika, protini mbovu hurundikana, na nikitia rangi, viini hugeuka kahawia iliyokolea, safu kwa safu. Kwenye kansa ya HPV kwa kawaida naona viini vilivyopauka, kimoja kimoja kikiwa na rangi hafifu. Mara nyingi jeni ni nzima kabisa; protini ndiyo inayoliwa.

(Kwenye ini adui ni mwingine: aflatoksini ya ukungu wa mahindi na karanga. Hubadilisha herufi moja tu ya jeni ya p53, na ikikutana na hepatitisi B hatari huongezeka sana. Unga wa bukari (ugali) ulioota ukungu usiuchekeche ukaupika. Utupe.)

Mama, askari walikuwepo. Aliyepaswa kuwaita ndiye aliyeshambuliwa kwanza. Chanjo ya HPV huzuia virusi vya aina ya 16 na 18 visiingie, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linaipendekeza kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kabla hawajakutana navyo. Binti uliyekuja naye siku ile uliniambia ana miaka 11.